Kompyuta Isikupangie Saa

Steshenari nyingi za Mpanda, mkoani Katavi, hufunguliwa mapema, na wateja wa kwanza ndio wenye haraka kuliko wote. Mwalimu ametoka Nsimbo na flashi mfukoni, anataka kuprinti mtihani kabla wanafunzi hawajaingia darasani. Kijana wa Kashaulili ana barua ya kupandisha kwenye Ajira Portal. Mama mmoja amekuja na bintiye kumalizia maombi ya Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa kimo ndani ya bahasha ya kaki, na kazi iliyobaki ni kukiskani tu. Mhudumu anabonyeza kitufe, feni inanguruma, kisha skrini inakuwa ya buluu na maandishi yanatokea: mashine inashughulikia masasisho, asilimia 12, usizime kompyuta yako.

"Mwanangu, imekuwaje tena?"

"Mama, inaapdeti. Tuisubiri kidogo."

Hiyo kidogo inaweza kuwa dakika kumi, na inaweza kuwa saa mbili. Namba inapanda hadi 30, inakaa hapo mpaka mtu anaanza kusinzia, mashine inajizima na kujiwasha, halafu inaanza upya kuhesabu. Mwalimu anaondoka kutafuta steshenari nyingine. Mama habanduki, maana nywila ya maombi ya binti imehifadhiwa kwenye kompyuta hiyohiyo.

Naandika kwa ajili ya mhudumu huyo, na kwa karani wa halmashauri anayepakia nyaraka dakika za mwisho, na kwa mwanafunzi wa kampasi ya SUA ya Mizengo Pinda kule Kibaoni anayeandika ripoti kwenye laptopu ya mtumba. Ninachowaambia ni kimoja: msizime masasisho, yapangieni siku. Mafundi wetu wengi wanashauri kinyume chake, na hoja yao ina uzito. Nitaifikia.

Kwanza tujue mambo haya yanatoka wapi. Tangu Oktoba 2003 Microsoft, wenye Windows, hutoa masasisho yao makubwa ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu katika miezi ambayo Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma. Kompyuta iliyoachwa ikiwaka na intaneti ikiwa hewani huanza kushusha mzigo usiku huo. Ile iliyozimwa huudaka asubuhi, pale unapowasha hotspoti ya simu ili umfungulie mteja barua pepe yake. Ndiyo maana Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ni siku ya balaa, na watu hulaumu mtandao, au umeme, au virusi. Chukua kalenda ya ukutani uzungushie wino hizo Jumatano zote za mwaka. Siku hizo usimwahidi mtu kazi ya saa mbili asubuhi mpaka uwe umeiona mashine yako imewaka na imetulia.

Mpangilio huu ulibuniwa na watu wanaolipia intaneti kwa mwezi bila kuhesabu gigabaiti, na ambao umeme ukikatika kwao huwa habari ya gazetini. Katika mazingira hayo kompyuta kujiapdeti yenyewe usiku wa manane ni msaada mkubwa. Katavi mambo ni mengine. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa na iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilijengwa ili kututoa huko. Intaneti ya biashara ndogo hapa ni bando la simu, na bando lina mwisho. Gigabaiti mbili alizonunua mhudumu kwa kazi ya siku nzima zinaweza kumezwa kabla ya chai, mteja akiwa hajaona hata ukurasa mmoja. Na kwa sababu ushushaji huo hufanyika kimyakimya nyuma ya pazia, mwenye bando huishia kuituhumu kampuni ya simu kwamba imemwibia.

Wala si sisi pekee tulioonja. Mwaka 2016 mfanyakazi wa hifadhi ya Chinko, mashariki ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliandika malalamiko yaliyosambaa duniani kote. Hifadhi hiyo iko porini kabisa na intaneti yake ilipita kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa. Kompyuta yao moja ilianza yenyewe kushusha Windows 10, mzigo wa gigabaiti 6 hivi, bila mtu kuiagiza. Alichokihofia zaidi hakikuwa bili. Kompyuta hizo ndizo zilizotumika kuwaongoza askari wa wanyamapori wakiwa porini, wakati mwingine wakirushiana risasi na majangili, na mashine ikijizima katikati ya shughuli kama hiyo damu ingeweza kumwagika. Mtu wa Sitalike, anayeishi mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kilomita zake za mraba 4,471 za mbuga na mto Katuma, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka huohuo huko California, mwanamke mwenye wakala wa safari alilipwa na Microsoft dola 10,000 baada ya kwenda mahakama ya madai madogo. Alisema kompyuta yake ya kazi ilijaribu kujibadilisha kwenda Windows 10 bila ridhaa yake, ikashindwa, na tangu hapo ikawa nzito na ya kugoma. Kampuni haikukiri kosa lakini iliacha rufaa yake. Katika kipindi hicho kulikuwa na dirisha la kumshawishi mtu abadilishe Windows, na ukilifunga kwa alama ya X, badala ya kuhesabiwa umekataa, ratiba ya kubadilisha ilibaki palepale. Ulikuwa ujanja wa hovyo, na wenyewe baadaye waliurekebisha. Kwa hiyo anayesema "hawa wanalazimisha" haoti ndoto. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, mwenye toleo la nyumbani hakuwa hata na kitufe cha kuahirisha. Alipewa mwaka 2019.

Sasa tuje kwa fundi. Ukimpelekea laptopu na kumwambia inakula bando, dawa yake ni moja: anaingia kwenye huduma za ndani za Windows, anazima kabisa huduma ya masasisho, anakurudishia mashine. Mwezi wa kwanza unamwombea dua. Wengine hufanya hivyo kwa sababu nyingine wasiyoitaja, kwamba Windows waliyokupigia haina leseni, na wanaogopa apdeti itakuja kuvuruga ule ufunguo wa bandia. Hilo ni suala kati yako na fundi wako, ila ni vizuri ulijue, kwa sababu ndilo linalofanya ushauri wake uelemee upande mmoja.

Kasoro ya dawa hiyo huonekana polepole. Fikiria flashi moja kwa siku ya kawaida pale Mpanda mjini. Asubuhi ilikuwa ofisi ya shule, mchana ikachomekwa steshenari, jioni ikaenda kwa rafiki anayenakili filamu, kesho yake imo kwenye kompyuta ya kijiji. Nani hajawahi kufungua flashi akakuta mafolda yote yamegeuka shotikati? Steshenari ni mahali ambapo flashi za mji mzima hukutana, na mashine isiyo na masasisho huko haiugui yenyewe tu, inaambukiza kila anayepita. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya WannaCry ilifunga mafaili ya zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha hata upasuaji. Tundu lililotumika lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliopigwa, kwa sehemu kubwa, ni wale ambao kiraka kilikuwepo na hawakukiweka.

Hata hivyo siwezi kusema upokee kila kitu saa kinapotoka. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10 na ndani ya siku chache ikalazimika kulisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu walikuta nyaraka na picha zao zimefutwa. Anayekimbilia kuwa wa kwanza ndiye anayefanyiwa majaribio. Kusubiri wiki moja au siku kumi baada ya ile Jumanne kunakupa nafuu zote mbili: wenye haraka wameshagundua ubovu kama upo, na wewe hujakaa uchi miezi.

Namna ya kufanya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na haihitaji fundi. Anza na bando, maana ndiko maumivu yaliko. Kompyuta ikiunganishwa na hotspoti ya simu yako, yenyewe inaona Wi-Fi tu. Haijui kwamba nyuma yake kuna kifurushi cha shilingi elfu mbili. Lazima uiambie. Fungua setingi, nenda sehemu ya mtandao, gusa jina la Wi-Fi unayotumia, utakuta mstari wenye neno "metered". Uwashe. Kuanzia hapo Windows itajua kila baiti inalipiwa, na itaacha kushusha mizigo mikubwa mpaka uiruhusu, isipokuwa ile michache inayoiona ya dharura. Hifadhi ya OneDrive nayo itatulia. Tahadhari moja: mpangilio huo hushika kwenye jina la mtandao ule tu. Siku simu yako imeisha chaji ukaazima hotspoti ya jirani, kwa kompyuta huo ni mtandao mgeni, na utaanza kummalizia jirani bando lake bila kujua. Ugomvi wa namna hiyo haupendezi. Weka alama hiyo kwenye kila jina la Wi-Fi unalolizoea, na kwenye modemu ya kuchomeka pia.

Kisha saa za kazi. Kwenye ukurasa wa Windows Update kuna kitu kinachoitwa "Active hours", yaani muda ambao mashine imekatazwa kujizima ili iapdeti. Kisipoguswa, kinaweza kudhani unafanya kazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni tu, na steshenari inayofunga saa tatu usiku haina kinga jioni. Unaruhusiwa kukirefusha hadi saa 18. Mimi hushauri kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita usiku. Hapo watu hukosea kwa jambo dogo: kompyuta haijui saa ya Kiswahili. Saa kumi na mbili asubuhi kwake ni 6 AM na saa sita usiku ni 12 AM. Ukiandika 12 na 6 kama unavyotamka, unaweza kuwa umeipa ruhusa ya kujizima katikati ya saa zako za kazi.

Na kama kompyuta yako ni ile ya mezani iliyozeeka, tazama kwanza tarehe yake pale pembeni chini. Nyingi betri zake ndogo za ubao mama zimekufa, kwa hiyo umeme ukikatika saa hurudi miaka nyuma. Mashine inayodhani tuko mwaka 2015 haiwezi kujua saa zako za kazi. Masasisho yatagoma, tovuti za serikali zitakataa kufunguka kwa madai kwamba muunganisho si salama, na wewe utapiga simu kulalamikia mfumo. Betri hiyo ni duara dogo kama sarafu, huuzwa hata maduka ya saa, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Cha tatu ni kusimamisha kwa muda. Ukurasa huohuo una kitufe cha "Pause updates". Unaweza kusimamisha kwa wiki, ukaongeza, hadi siku 35 hivi. Zikiisha, lazima uapdeti kwanza ndipo uruhusiwe kusimamisha tena. Hiki ndicho kitufe cha karani. Wiki ambayo dirisha la zabuni linafungwa kwenye NeST, au watumishi wote wanahimizwa kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi wao, au dirisha la mikopo ya wanafunzi linakaribia kufungwa, wewe simamisha masasisho tangu Ijumaa iliyotangulia. Mifumo hiyo haina huruma na mtu ambaye mashine yake ilikuwa ikijiapdeti. Saa ya mwisho ikipita, mlango umefungwa. Nimesikia wakubwa wa ofisi wakimfokea karani kwa jambo ambalo kitufe kimoja kingelizuia, na karani hajui hata kujitetea kwamba hakugusa kitu.

Ukishafanya hayo matatu, umeifunga mashine kamba. Sasa ifungulie kwa hiari yako. Chagua siku moja katika mwezi, wiki ya tatu au ya nne, siku ambayo kazi ni nyepesi. Kwa steshenari nyingi ni Jumapili mchana. Kabla hujaanza hakikisha mambo ya nyumbani kwanza: angalia yuniti za Luku. Nasema hili kwa dhati. Apdeti iliyofika asilimia 60 halafu yuniti zikaisha inaweza kukugharimu siku mbili za matengenezo. Laptopu iwe na chaji kamili na iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, lakini usiitegemee kupita kiasi, kwani UPS ndogo za madukani zinakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, hazivushi apdeti ya saa nzima. Kama siku hiyo umeme unacheza, unakuja na kuondoka, ahirisha hadi kesho. Kama kuna wingu zito la masika na radi zinapiga upande wa Mlele, ahirisha vilevile.

Bando la siku hiyo linunue makusudi. Kama mtandao wako una kifurushi cha usiku cha bei nafuu, huo ndio wakati wake: mashine ishushe usiku ukiwa nayo macho, kuwasha upya kufanyike Jumapili mchana. Apdeti ya mwezi ni mamia ya megabaiti, na kwenye Windows 11 mara nyingine huvuka gigabaiti, kwa hiyo bando la siku la kuchati halitoshi. Ondoa ile alama ya "metered", bonyeza kitufe cha kutafuta masasisho, kaa uangalie. Ikimaliza, rudisha alama. Usisahau kuirudisha.

Wenye kompyuta tatu au nne kwenye chumba kimoja wana nafuu ambayo wengi hawaijui. Windows inaweza kushusha mzigo mara moja kisha mashine zikapeana zenyewe ndani ya chumba bila kumeza bando upya kwa kila mashine. Mpangilio wake umo ndani ya chaguo za ziada za Windows Update, kwa jina la "Delivery Optimization". Ruhusu, lakini soma vizuri: kuna chaguo la kupeana na kompyuta za mtandao wako wa ndani tu, na kuna lingine la kupeana na kompyuta za intaneti nzima. Hilo la pili likate. Ukiliacha, bando ulilonunua Makanyagio litatumika kumpelekea vipande vya apdeti mtu usiyemjua. Mahali hapohapo unaweza pia kupunguza kasi ya ushushaji, ili mteja anayefungua barua pepe asikwame.

Na kwa shule au zahanati iliyo mbali, tuseme upande wa Mishamo au kandokando ya Ziwa Tanganyika kule Karema, ambako mtandao unatosha ujumbe na si zaidi, kuna njia ya flashi. Microsoft ina tovuti ya katalogi ya masasisho ambako unaweza kushusha faili la apdeti ukiwa mjini, ukalibeba, ukaliweka kwenye mashine zote zenye toleo lileile. Faili la katalogi huwa zito kuliko ambalo kompyuta ingejishushia yenyewe, lakini unalishusha mara moja kwa mashine kumi. Hapo hakikisha flashi yenyewe ni safi, la sivyo unapeleka dawa na ugonjwa kwenye begi moja.

Nimezungumza kama vile kila kompyuta bado inapata masasisho. Si kweli tena. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na hiyo ndiyo iliyojaa kwenye meza zetu. Laptopu zinazouzwa hapa nyingi ni mtumba zilizostaafishwa maofisini Ulaya na Dubai, akina HP EliteBook na Dell Latitude, mashine imara lakini prosesa zake ni za zamani. Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Namna ya kujua ni kusoma namba baada ya i3, i5 au i7: i5-6300U ni kizazi cha sita, imeachwa, i5-8250U ni cha nane, imepita. Kwa hiyo unaponunua mtumba leo usidanganywe na stika inayong'aa ya "Core i5". Mwambie muuzaji aifungue, usome namba yote, ndipo mjadili bei. Ya kizazi cha nne au cha sita si takataka, ila bei yake lazima ishuke, na asikuambie "ni ileile tu, kaka".

Aliye nayo tayari ana njia mbili za kufikiria. Kuna mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Kwa mtu binafsi hulipiwa dola 30, au hupatikana bila fedha kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu setingi zako zihifadhiwe huko. Mwaliko wake hutokea palepale kwenye ukurasa wa Windows Update, kama mashine yako iko kwenye toleo la 22H2. Njia ya pili ni kuhamia Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo ni ya bure, haielemei mashine ya zamani, na haijizimi kuapdeti mpaka uamue. Kwa anayeandika barua, kufungua intaneti na kuprinti, inatosha. Kwa ofisi yenye printa ngeni au programu ya uhasibu ya Windows pekee, ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Sitamshauri mtu wa steshenari ahamie huko wiki moja kabla ya msimu wa mikopo.

Kuna jambo lingine la mashine za mtumba ambalo watu hulitwika apdeti bure. Kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 4 itachukua saa mbili kwa kazi ambayo mashine yenye SSD inaimaliza kwa robo saa. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua SSD kabla ya kununua kompyuta nyingine. Hiyo pekee inaweza kukuondolea nusu ya hasira zako.

Sasa tuseme yote hayo hukuyafanya, ni Jumatano, na skrini iko asilimia 30 tangu saa mbili. Tazama taa ndogo ya diski. Ikimetameta, mashine inafanya kazi. Iache, hata kama ni saa mbili au tatu, na wateja waelekeze kwa jirani. Kuikata umeme wakati huo ndiko kunakoharibu. Ikiwa taa imekufa kabisa kwa masaa na hakuna kinachosogea, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime, kisha iwashe. Mara nyingi itasema inarudisha ilivyokuwa, nayo itafunguka. Isipofunguka mara mbili tatu mfululizo, yenyewe italeta skrini ya matengenezo. Humo ndani, kwenye chaguo za juu, kuna sehemu ya kuondoa apdeti ya mwisho. Ichague, subiri.

Hilo nalo likishindikana, peleka kwa fundi, lakini usimkabidhi mashine na kuondoka. Fundi aliyechoka hupenda njia ya mkato, kupiga Windows upya, na upigaji huo hufuta diski C, ambako ndiko Desktop na Documents zako zinakokaa: mitihani yote, barua zote, picha za pasipoti za wateja, nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome. Mwambie kabla hajagusa chochote aitoe diski, aichomeke kwenye kompyuta nyingine, anakili mafaili yako kwenye diski ya nje mbele ya macho yako. Fungua mawili matatu uone kama yanasomeka. Ndipo mpatane bei.